Nyuki Walishaambiwa

Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, babu yangu Jabez Setchell alikufa asubuhi, na ilipofika mchana akawa anadai nyama ya nguruwe na viazi. Kama ingekuwa hivyo tu, tungecheka, tukala naye, mambo yakaisha. Lakini kati ya kufa kwake na kudai viazi, nyuki walikuwa wameshaambiwa.

Nilikuwa nakaa kwa Babu na Bibi kwa sababu kwa baba yangu, ng'ambo ya mfereji, watoto walikuwa wamejaa hadi chini ya meza. Babu alikuwa amechimba mifereji katika ardhi yetu nyeusi ya kinamasi tangu utotoni, mpaka magoti yakamkataa. Kilichombakia ni nyuki. Mizinga yake ya mabua yaliyosukwa ilipangwa juu ya ubao nyuma ya nyumba, kando ya njia ya kwendea chooni. Alizungumza nao kuliko alivyozungumza na Bibi Keziah. Bibi hakuwa na kinyongo. Alisema heri wamsikilize wao, yeye ameshasikia yote.

Wana wa Babu wote waliogopa nyuki, baba yangu akiwa wa kwanza kukimbia. Kwa hiyo Babu alishatangaza kilabuni, mbele ya watu na bia zao, kwamba siku akifa nyuki ni wa Reuben. Reuben ni mimi.

Chanzo cha yote kilikuwa jino. Lilimwuma Babu wiki nzima, akawa anazunguka jikoni akinguruma, na shavu limevimba kama amebania yai mdomoni. Fundi wa kung'oa meno kwetu alikuwa mhunzi, na Babu alimwogopa mhunzi. Bibi akamchemshia chai ya kasumba, ile ya vichwa vya maua vilivyokaushwa, iliyokuwa ikinywewa kila nyumba kwetu kwa homa na maumivu. Akampa kikombe, akaenda kulala. Babu akaona kikombe kimoja ni cha watoto wachanga. Akamaliza birika.

Asubuhi Bibi alimtikisa, hakuamka. Alikuwa baridi, mdomo wazi, rangi ya mshumaa. Bibi hakupiga kelele. Alivaa aproni safi, akanituma nimwite Bi Tabitha Munns.

Bi Tabitha ndiye aliyewaosha maiti wote wa kijiji, na ndiye aliyepokea watoto wote waliozaliwa, kwa hiyo alituona kama mali yake kwa pande zote mbili. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. Akaweka unyoya wa kuku juu ya mdomo wa Babu, akainama, akautazama sana.

"Hautikisiki," akasema. Mimi niliuona umeshika kwenye masharubu ya Babu, hata upepo wa baharini usingeutikisa, lakini nani aliniuliza?

"Una hakika, Tabitha?" Bibi akauliza.

"Keziah, mimi namjua maiti nikimwona. Huyu kaenda. Tena kaenda na jino lake, maskini." Akachukua kitambaa, akamfunga Babu taya, fundo juu ya kichwa kama masikio ya sungura. "Mtoto aende kwa nyuki. Haraka."

Kwetu, mwenye nyuki akifa, hakuna kukaa na kulia kwanza. Mtu wa nyumba anachukua ufunguo wa mlango, anagonga kila mzinga, anawaambia nyuki bwana wao amekufa na bwana mpya ni nani. Wasipoambiwa wanachukia, na wakichukia wanakufa au wanahama. Akina Leaford walisahau, kwa sababu walikuwa wakigombania kitanda cha marehemu, na kabla ya maziko mizinga yao ilikuwa mitupu kama kanisa siku ya Jumatatu.

Nikaenda na ufunguo, machozi na makamasi yakinitoka pamoja. Nikagonga.

"Nyuki, nyuki, bwana wenu Jabez amekufa. Bwana wenu sasa ni Reuben."

Wakavuma kidogo ndani, wakanyamaza. Nikagonga mwingine. Bibi alikuja nyuma yangu na sketi yake kuukuu ya ndani, nyeusi, akiichana vipande na kufunga kila mzinga kitambaa cha msiba. Akawawekea na kipande cha keki na bia kidogo kwenye kisahani, ili na wao washiriki matanga. Tulifanya kila kitu sawasawa. Hilo ndilo lililotuponza.

Tulikuwa kwenye mlango wa jikoni tuliposikia beseni likianguka chumbani juu, kisha sauti ya Bi Tabitha, halafu Bi Tabitha mwenyewe akishuka ngazi kwa makalio. Nyuma yake akasimama Babu, na shati lake limelowa, taya limefungwa, masikio ya sungura yamesimama, akipiga kelele bila kufungua mdomo: "Mmmm! Mmmm!"

Bi Tabitha alipita katikati yetu akaenda hadi barabarani bila kugeuka. Mimi nilijificha nyuma ya pipa la maji. Bibi peke yake hakukimbia. Alimtazama mumewe toka kichwani hadi miguuni, akachukua kisu, akakata kitambaa.

"Maji ya baridi!" Babu akafoka. "Mwanamke ananimwagia maji ya baridi kifuani nimelala! Kuna nini nyumba hii?"

"Ulikufa, Jabez."

"Nani kasema?"

"Tabitha."

"Na wewe ukakubali bila ubishi?"

"Ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza," Bibi akasema. "Niliona ni jambo zito." Kisha akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa aproni, mabega yakawa yanatikisika. Babu akampapasa kichwa kwa shida, kama mtu anayempapasa farasi asiye wake.

Jino lilikuwa halimwumi tena. Akala nyama, akala viazi, akanicheka mimi na pipa langu. Halafu akatazama dirishani, kijiko kikasimama hewani.

"Nani kafunga vitambaa vyeusi kwenye mizinga yangu?"

Bibi akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Keziah. Mmewaambia?"

"Tumewaambia."

"Wote?"

"Wote. Wamekula na keki."

Babu alikiweka kijiko chini taratibu. Niliona uso wake ukipauka kuliko alipokuwa amekufa. "Basi," akasema, "mtoto aende akawaambie mimi ni mzima."

"Nani amewahi kuwaambia nyuki mtu kafufuka?" Bibi akauliza.

Hapo tukakwama. Jioni Babu alikwenda kilabuni kutafuta ushauri, na mimi nikiwa nyuma yake. Alipoingia, mtu mmoja aliangusha bia yake na wengine wakavua kofia. Kasisi alikuwa amepita hapo kuzungumzia kengele ya kanisa. Akacheka, akasema mambo ya nyuki ni upuuzi wa kipagani, mzee aende akawaangalie nyuki wake kwa amani. Lakini kasisi alitoka mjini, na wote tulijua nyuki wake mwenyewe aliwaua wote kwa mwaka mmoja.

Aliyesikilizwa ni Obed Crowson. Obed alikuwa jirani yetu, mwenye mizinga michache na wivu mwingi. Alivuta kiko chake, akasubiri watu wanyamaze.

"Nyuki hawadanganywi, Jabez. Wameambiwa umekufa, wamevaa msiba, wamekula matanga. Leo uwaambie wewe ni mzima? Watajua mmewadanganya. Nyuki hawakai nyumba ya waongo hata siku moja."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Waulize wafu wenzako," Obed akasema, na kilabu kizima kikacheka.

Mwisho Bibi ndiye aliyeamua, akiwa anamenya viazi. "Utabaki umekufa, Jabez. Kwa nyuki tu. Chakula utakula, kanisani utakwenda, kunikera utanikera. Lakini huko nyuma ya nyumba wewe ni marehemu, na bwana ni Reuben."

Babu alikubali kwa sababu hakuwa na lingine. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, nyuki wake warudi mikononi mwake, na sasa njia pekee ya kuwabakisha ilikuwa asiwasogelee.

Shida ya kwanza ilikuwa choo. Nilishasema njia ya chooni ilipita mbele ya mizinga. Siku ya kwanza Babu alijizuia mpaka akawa anatembea kama bata. Siku ya pili Bibi akamvalisha kofia yake ya kike, yenye kamba za kufunga chini ya kidevu, na shali, na kumwambia apite akiinama wala asikohoe, maana kikohozi chake walikijua. Ndivyo alivyokwenda chooni kuanzia mwisho wa Aprili. Watoto wa kijiji wakawa wanakuja kukaa juu ya ukuta wetu baada ya shule, kusubiri.

"Hujambo, marehemu!" wakapiga kelele.

"Niko kaburini, mjinga wewe, punguza sauti!" Babu akawajibu kwa kunong'ona, ndevu zikitokeza chini ya kofia.

Kazi yote ya nyuki ikawa yangu. Babu alikaa dirishani, akanielekeza kwa mikono. Alikuwa amenifundisha tangu mdogo namna ya kutembea bila haraka, kutopumua juu yao, kusogeza mkono kama unausogeza ndani ya maji, lakini kufundishwa ni kitu kimoja na kuwa bwana ni kingine. Mwanzoni nilitazama dirishani kila hatua. Baadaye nikaanza kuona kwa macho yangu mwenyewe mzinga upi una nguvu na upi una njaa, na siku nyingine nilisahau kutazama dirishani. Babu aliliona hilo. Ila kila jioni nilipoingia aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za watoto waliohamia mbali:

"Wameniulizia?"

"Hapana, Babu."

"Hata kidogo?"

"Wanavuma tu."

"Wanavuma vipi?"

Shuleni nilikosa siku nyingi kwa sababu ya kazi hiyo. Mwalimu wetu, Bwana Pettifer, alikuwa mwembamba mwenye hasira za tumbo. Alinisimamisha mbele ya darasa.

"Setchell! Sababu ya kutokuja?"

"Babu yangu alikufa, bwana."

"Nimemwona babu yako asubuhi hii. Alikuwa dirishani akila mkate."

"Ndiyo, bwana. Ndiye huyo."

Nilichapwa fimbo za uongo, kisha nilipojaribu kueleza nikachapwa fimbo za ukaidi. Sikumlaumu sana. Ukilisema kwa sauti lilikuwa jambo gumu kuaminika.

Juni ikaja na joto. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani na mimi nimebaki kulinda, mzinga mkubwa ulianza kuchemka. Nyuki walimwagika mlangoni, wakapanda hewani kama moshi wa treni, bumba kubwa ambalo sijaona tena mfano wake, likazunguka juu ya choo mara kadhaa, likaondoka.

Sheria yetu ilikuwa wazi. Bumba likitoka, mwenye nyuki analifuata huku akipiga sufuria kwa ufunguo ili kila mtu asikie. Akiendelea kupiga na asilipoteze machoni, anaweza kuvuka shamba la mtu yeyote, na popote litakapotua ni lake. Nikanyakua sufuria. Nikavuka bustani, nikaruka mfereji na kutua nusu ndani yake, nikapita katikati ya kabeji za watu, ng'ang'ang'ang'a! Nyuki wakaenda kutua kwenye mti wa mapea wa Obed Crowson, wakaning'inia kwenye tawi kama gunia.

Obed hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa pale pale, na kikapu chake tupu tayari mkononi.

"Asante kwa muziki," akasema. "Sasa nenda nyumbani."

"Ni nyuki wangu, Mzee Obed. Nimewafuata kwa sufuria."

"Wako? Mtoto anamiliki nini? Hata hiyo suruali ni ya baba yako. Sheria inasema mwenye nyuki. Mwenye nyuki ni Jabez."

"Basi ni wa Babu."

"Babu yako yupi? Si mlisema marehemu?"

Watu walikuwa wanatoka kanisani, na kelele ya sufuria iliwavuta wote, na nguo zao nyeusi na vitabu vyao vya nyimbo. Wakajipanga kwenye ua wa Obed. Bi Tabitha naye alikuwepo, ingawa tangu siku ile ya beseni alikuwa akibadilisha barabara akimwona Babu.

"Mimi sina neno baya," Obed akawaambia. "Jabez ni jirani yangu. Aje hapa, asimame mbele ya nyuki hawa, aseme kwa mdomo wake: mimi ni mzima na hawa ni wangu. Akisema, nitamfungulia lango mwenyewe."

Watu wakaguna. Wote waliuona mtego. Akinyamaza, Obed anachukua bumba. Akisema, nyuki wanajua walidanganywa, wanaruka kwenda wasikojua wenyewe, na huenda walio nyumbani wakawafuata. Obed hakuwa na cha kupoteza.

Babu alifika akisukuma watu. Alikuwa ametokea moja kwa moja chooni, kwa sababu magoti yake hayakumruhusu kwenda kanisani wiki ile, kwa hiyo alikuwa na kofia ya Bibi kichwani na shali mabegani. Kicheko kilianzia langoni hadi ukutani. Hata kasisi alitazama viatu vyake.

"Mama mkwe!" mtu akaita. "Karibu kiti!"

Babu alilitazama bumba juu ya mti. Miezi miwili alikuwa hajawa karibu nao namna ile, na niliona kidevu chake kinacheza. Bibi akamshika mkono.

"Jabez, acha. Bumba moja tu. Mwachie."

"Nimechoka kufa, Keziah," Babu akasema.

Akafungua kamba, akavua kofia, akampa. Akavua shali. Watu wakaacha kucheka, maana mzee mwenye upara aliyesimama peke yake chini ya mti hachekeshi sana. Akasogea mpaka nyuki wakawa shubiri moja tu juu ya kichwa chake.

"Ni mimi," akasema. "Jabez. Sikufa. Nilikunywa chai nyingi. Waliowaambia hawakusema uongo, walikosea, na Tabitha haoni vizuri."

"Naona vizuri sana!" Bi Tabitha akajibu kutoka nyuma, akiwa ameelekea upande wa mti mwingine.

Bumba likavuma. Sauti ilipanda, kila mtu akarudi hatua nyuma, nikafikiri sasa ndiyo wanakwenda. Kisha nyuki mmoja akajitenga, akashuka bila haraka, akatua kwenye ncha ya pua ya Babu. Akatembea kidogo. Akamchoma.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona nyuki akimchoma Babu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuchomwa. Alisimama tu, machozi yakimtoka, pua ikianza kukua mbele yetu.

Obed akapiga paja. "Hawamjui! Mmeona? Hawamjui! Hana nyuki huyu!"

Akasogea na kikapu chake. Mimi nilikuwa nimeganda kama nguzo. Babu ndiye aliyegeuka, akanitazama, na pua ile ikiwa nyekundu kama figili.

"Reuben," akasema kwa sauti ya puani. "Unangoja nini? Watoe."

"Mimi, Babu?"

"Mimi ni nani kwao? Umeona mwenyewe. Watoe."

Nikaweka sufuria chini. Nikapanda juu ya ukuta mfupi wa mawe, nikaingiza mkono ndani ya bumba taratibu, hadi kwenye kiwiko. Lilikuwa na joto la mkate uliotoka jikoni. Wakanipanda mkononi, shingoni, mmoja akapita juu ya jicho langu. Hakuna aliyenichoma. Nilinyoosha mkono mwingine bila kutazama.

"Kikapu, Mzee Obed," nikasema.

Sijui kwa nini alinipa. Nadhani kwa sababu nililisema kama mtu mzima, na yeye alikuwa amezoea kuwatii watu wazima. Nikatikisa tawi mara moja, bumba likaanguka ndani zima zima, nikaligeuza juu ya ile shali, aliyoitandika Bibi kwenye majani.

"Mtoto hamiliki kitu," Obed akasema, lakini alisema akitazama huku na huku kutafuta wa kumwunga mkono.

"Basi waambie wao," baba yangu akamjibu, akiwa mbali kabisa, nyuma ya ukuta. "Kikapu hicho hapo. Funua uwaambie."

Obed hakufunua. Watu wakaanza kutawanyika kwenda kwenye chakula chao cha mchana.

Tulirudi nyumbani, mimi mbele na nyuki, Babu nyuma ameshika ncha za shali, akipumua kwa mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba sikutaka kumnyang'anya. Lakini lisingekuwa kweli, na Babu angejua. Nilitaka kila kitu: nyuki, na yeye arudi kwao. Tuliweka bumba kwenye mzinga mpya, mwisho wa ubao. Kisha Babu akarudi nyuma hadi mlango wa jikoni na kusimama pale pale aliposimama siku zote hizo, kwenye mpaka wa marehemu.

Nikamwangalia. Nikafikiri. Kisha nikaenda kwenye mzinga wa kwanza, nikagonga kwa kidole.

"Nyuki," nikasema, "nina kibarua mpya. Anaanza leo. Anaitwa Jabez, msimchome."

Bibi alitoa kichwa dirishani kusikiliza. Nyuki wakavuma kidogo, kama kawaida yao, wakaendelea na kazi.

Nikaenda wa pili, nikagonga. Nilisikia magoti ya Babu yakilia, akija nyuma yangu taratibu, bila kupumua juu yao.

"Sema ni mzoefu," akaninong'oneza sikioni.

"Ana uzoefu," nikawaambia nyuki, "lakini ana mdomo."

"Na huo mshahara wake?"

"Mwambieni," nikawaambia nyuki, "bwana atafikiria."

Babu akainama, akaanza kufungua kitambaa cheusi kwenye mzinga, na vidole vyake vinene vikachukua muda mrefu sana kwenye lile fundo.